Kilo Tano za Menjo

Mke wangu Menjo aliendelea kupokea mgao wa serikali kwa miezi saba baada ya kufa. Kila mwezi kilo tano za mchele, jina lake juu kabisa ya kadi. Walaji wenyewe tulikuwa watatu: mimi, binti yetu Jambi wa miaka kumi na miwili, na Turam, kitinda mimba, aliyekuwa hajatimiza sita.

Kadi kwetu huandikwa kwa jina la mama wa nyumba. Mume hufuata, kisha watoto. Sina ugomvi na sheria hiyo. Aliyeitunga alitujua wanaume wa huku kwetu Kolhan, kwamba ukitukabidhi mchele mkavu, nusu yake itakuwa pombe kabla haijaona jiko. Ila hakujiuliza itakuwaje mama wa nyumba akitangulia.

Siku moja ya mgao tulikwenda na Jambi hadi duka la Gope, kilomita nne kwa miguu. Gope alikuwa ameketi nyuma ya meza, mashine ya alama za vidole mbele yake, mizani kando, na foleni nzima ikisubiri kuchekeshwa.

"Haya, Lebeya amefika," alisema. "Leteni kidole tuone sinema."

Nikaweka kidole gumba. Taa nyekundu. Nikakifuta kwenye shati, nikaweka tena. Nyekundu. Miaka tisa nimefyatua matofali, nikiyageuza kwa mkono juani, na mchanga ule umenilamba vidole mpaka vimekuwa laini kama kijiko. Hakuna mstari hata mmoja.

"Bwana wewe ni mzimu," Gope alisema. "Hata mwizi ana alama. Wewe ukiiba, polisi watamkamata nani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana mwenye kuomba chakula hachagui mzaha. Kisha Jambi akasogea, maana kidole cha yeyote aliyeandikwa kwenye kadi kinatosha. Kidole gumba chake cha kulia kina kovu lililokikata katikati, alijikata kwa mundu akivuna na mama yake. Alikiweka mara moja tu, taa ikawa kijani, na mashine ikatoa karatasi: *Menjo Kui, watu wanne.* Gope alipima mchele wa watu wanne. Jambi hakunitazama. Tulibeba gunia nyumbani bila kuzungumza, kama tulivyozoea tangu mwezi wa nne.

Menjo alifia kwenye tanuri la matofali tulikokwenda kufanya kazi, siku mbili kwa treni kutoka kwetu. Alianza na kikohozi, kikohozi kikaleta homa, homa ikamchukua alfajiri moja huku ameshika kisigino cha Turam. Wafanyakazi wenzetu walichanga kuni na mabua, tukamchoma ukingoni mwa mto. Nilikusanya mifupa nikaiweka kwenye chungu kidogo, nikakifunga kwa kipande cha sari yake. Wiki mbili baadaye tukarudi.

Katika treni ndipo nilipofanya nililofanya. Nilimkumbuka Samu wa kitongoji cha chini. Mkewe alipokufa, alikwenda mwenyewe, mtu mwaminifu, kuripoti. Kadi ikafungwa ili irekebishwe. Ilirekebishwa baada ya mwaka na zaidi, na mwaka ule wanawe walikula viazi vya porini mpaka nyuso zikavimba. Nikawatazama wangu wamelala juu ya mizigo. Nikawaamsha, nikawaambia: "Mtu akiuliza, mama amebaki kumpikia msimamizi. Atarudi kabla ya mvua. Mmesikia?"

Jambi alisema, "Mpaka lini, Baba?"

"Mpaka nitakapowaambia."

Turam aliuliza kama mama angekasirika. Nikamwambia mama hawezi kukasirika. Hilo nalo lilikuwa uongo, na la kwanza nililokuja kulipia.

Kwetu maiti hamalizi kufa siku ya kuchomwa. Mwili huondoka, lakini kivuli chake hubaki nje kikizungukazunguka, mpaka watu wakiite jioni kwa jina lake na kukirudisha nyumbani. Kikiingia hukaa ading, kile chumba kidogo cha ndani nyuma ya jiko tunamoweka mchele, pamoja na mama yangu na bibi yangu na wote waliotangulia. Hapo hulishwa. Kabla hujala, unawadondoshea wali kidogo. Asiyeitwa halishwi, wala hana mlango wa kupitia.

Sasa ningemwita vipi mtu ambaye nimesema anampikia msimamizi? Chungu cha mifupa nilikificha nje, chini ya makuti ya paa upande wa nyuma. Ndani sikuthubutu. Nikawa namlaza mke wangu nje kama mbuzi, na mchele wake nakula mimi.

Kikohozi kilianza mwezi wa tano. Kila alfajiri, saa ileile aliyofia, nilikisikia nje ya ukuta wa nyuma: mara tatu fupi, kisha moja ndefu inayokwaruza. Nilikijua. Nilikuwa nimelala kando yake miezi minne. Siku ya kwanza nilitoka na fimbo nikijidanganya kwamba ni mbwa. Hapakuwa na mbwa. Baada ya hapo sikutoka tena. Nilijilaza tu macho wazi, nikingoja kiishe, na nikiona kwamba Jambi naye hajalala.

Mchana mmoja nikamkuta Turam nyuma ya nyumba ameshika sahani yake ya majani. Alikuwa ameacha tonge la mwisho, analiweka taratibu chini ya makuti.

"Unafanya nini hapo?"

"Sijamwambia mtu," alisema upesi. "Baba, sijamwambia mtu yeyote."

"Nimekuuliza unafanya nini."

"Mama hawezi kuingia. Hajaitwa."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Kisha nikaona jinsi tonge lile lilivyokuwa kubwa, na jinsi mbavu zake zilivyokuwa zinahesabika, nikaenda kukaa mbele ya nyumba nikalia kimya kimya nisisikike na majirani.

Mvua zikaja, zikapita. Menjo hakurudi, na watu wetu wana midomo. Kwenye kilabu cha pombe ya mchele mtu mmoja aliniambia, "Lebeya, huyo msimamizi anakula sana ee? Kapikiwa mpaka mvua zimeisha." Mwingine akasema wanaume wa kule wana redio na pikipiki, mwanamke akionja hivyo haukumbuki wali wetu wa jana uliolala majini. Nami, mume, nilinyamaza. Nilimwacha mke wangu, aliyekufa ameshika kisigino cha mtoto, aitwe malaya, kwa sababu ya kilo tano. Sitajitetea. Njaa ya mwanao inakufanya udhani kila kitu kingine kinaweza kungoja.

Mwezi wa kumi tulipofika dukani, Gope hakutania. Alikuwa amebandika karatasi ukutani, na alituambia kwa sauti ya mtu aliyeyarudia maneno hayo mara mia: kila jina kwenye kila kadi sharti liweke kidole kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeweka, jina linakatwa. Na mwenye kadi asipoweka, kadi nzima inafungwa.

"Wa kwako ni Menjo," aliniambia. "Aweke."

"Yuko mbali, Bwana Gope."

"Siku hizi mbali hakuna. Aende duka lolote la mgao huko aliko, aweke kidole, hapa kwangu itaonekana. Mpigie simu."

"Hana simu."

"Msimamizi hana simu?" Foleni ikacheka. Gope akainua mkono wanyamaze. Hakuwa mtu mbaya, kusema haki. "Sikiliza. Una siku kumi na tisa. Vidole vyako havisomi, huyu mtoto hawezi kushika kadi. Bila yule mama hapa hupati hata punje. Mlete, au mfuate umlete."

Nilirudi nyumbani gunia likiwa zito kuliko siku zote. Nilikuwa na siku kumi na tisa za kumleta Menjo.

Siku ya tatu Jambi alirudi kutoka pampu ya maji mdomo umepasuka, ndoo tupu. Nyuma yake alikuja Subani, mke wa marehemu kaka yangu, amemshika mkono. Subani ni mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, maana wanaume wetu tumekuwa hodari wa kufa.

"Shemeji, mwanao amemng'ata mtoto wa watu sikio," alisema. "Yule alisema mama yake amepata bwana. Mtoto akisikia hivyo hulia, au hutukana. Huyu ameng'ata, na hakusema neno hata moja. Nimemuuliza njia nzima. Nini kimemfunga mdomo?"

Jambi alinitazama. Damu ilikuwa imemkauka kidevuni. Alikuwa anangoja mimi nimruhusu kusema, na nikaona kwamba angeweza kungoja mpaka azeeke.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Changu kilinitoka palepale mlangoni.

"Amekufa," nilisema. "Menjo amekufa tangu mwezi wa tatu."

Subani alinizaba kofi. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, akavua bangili zake, akaanza kuomboleza kwa sauti ile ya zamani, akiita jina la Menjo, akimwomba radhi kwa maneno aliyoyasema juu yake kwenye pampu hiyohiyo. Alilia mpaka majirani wakaja. Jambi ndipo alipofungua mdomo na kulia pamoja naye, kilio cha miezi saba.

Aliponyamaza, Subani aliuliza, "Yuko wapi?"

Nikamwonyesha makuti. Alikitoa chungu, akakifuta buibui kwa ncha ya sari yake. Chini yake ardhi ilikuwa na punje za wali zilizokauka, nyingi, na mstari wa sisimizi.

"Nani alikuwa anamlisha?"

"Turam," nilisema.

"Ukoo mzima," Subani alisema, "mwenye akili ni mtoto wa miaka mitano."

Jioni ileile tulikwenda kwa Sidiu, mkuu wa kijiji, mzee mkavu anayevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza yote. Nilimwomba barua moja tu, ya kusema kwamba Menjo amekufa, ili nipeleke kwa ofisa wa mgao kabla siku hazijaisha na kadi iandikwe kwa jina langu. Cheti kutoka kule sikuwa nacho, na nani angenipa, mtu wa tanuri, mwaka umekaribia kwisha?

Sidiu alisafisha miwani. "Niandike kwamba nimeona nini?"

"Kwamba amekufa, mzee."

"Sikumwona akifa. Wewe mwenyewe umetwambia miezi saba kwamba yuko hai. Leo nikuamini wewe yupi, wa jana au wa leo?" Hakuwa ameinua sauti. "Lebeya, kwangu mtu hajafa mpaka aingie ndani. Mwite mkeo. Kijiji kishuhudie akiingia, majivu tunayotandaza kizingitini yasome alama yake. Hapo nitaandika, na muhuri nitapiga, na mtu wa kijiji hiki wa kunipinga hayupo."

"Na asipokuja? Nimemweka nje miezi saba, mzee. Nimemlia mchele wake."

"Basi asipokuja sina cha kuandika," alisema.

Usiku ule na uliofuata sikuwaza kitu kingine. Asipokuja, hakuna barua. Pasipo barua, hakuna kadi, na mimi na wanangu ni watu wa viazi vya porini. Na kwa nini aje? Ningekuwa mimi, nisingekuja.

Tulimwita siku ya kumi na moja, jua lilipokuwa linatua. Kila nyumba ilileta kibaba cha mchele na kuku au chumvi, hata yule aliyesema habari za redio na pikipiki alileta, akaweka chini bila kunitazama. Subani alipepeta majivu laini, akayatandaza sakafuni kwenye kizingiti cha ading, meupe, bila alama. Akatuweka mimi na watoto ndani, katikati ya chumba cha jiko, akazima moto, akafunga mlango. Wao wakaenda na chungu hadi njia panda, mahali ambapo msafiri atokaye magharibi, upande wa tanuri, angeingilia.

Gizani nilimshika Jambi mkono wa kulia, Turam mapajani. Tukasikia chuma kikigongwa kwa chuma, mbali, na sauti ya Subani.

"Menjo ee. Menjo, njoo. Nyumba yako hii, wanao hawa. Umechoka, jua limezama, njoo nyumbani."

Wakawa wanasogea. Nilimsikia Turam akisema kwa sauti ndogo, "Njoo basi." Nilitaka kumwambia Menjo kuwa si kwamba sikumpenda. Nilitaka kumwambia habari za Samu na nyuso zilizovimba. Lakini maneno hayo ni ya mtu kujitetea barazani, na mimi nilikuwa mbele ya mke wangu. Mwishowe nikasema moja tu, "Nisamehe, mama Jambi." Nikainua mikono yote miwili kujifunika uso, na nilipoishusha, mkono wa Jambi haukuwepo.

Sikumwita. Chuma kilikuwa kimefika mlangoni.

"Mlio ndani," Sidiu aliuliza kutoka nje, "mna heri au huzuni?"

"Huzuni," nilijibu, kama inavyojibiwa. "Nyie mmeleta nini?"

"Tumemleta mwenye nyumba."

Mkono wa Jambi ulirudi ndani ya mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, na ncha za vidole zilikuwa na unga.

Mlango ukafunguliwa. Subani aliingia na kibatari, akapiga magoti kwenye kizingiti. Sidiu akainama nyuma yake akishikilia miwani, na kijiji kikajaa mlangoni kikizuia pumzi. Nami nikasogea nikaona.

Majivu yote yalikuwa safi isipokuwa sehemu moja, karibu kabisa na kapu la mchele. Hapo palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yake yote ilionekana, imezungukana vizuri, na katikati imekatwa na kovu.

Subani aliitazama. Akageuza kibatari kidogo, mwanga ukamwangukia Jambi, ambaye alikuwa amekunja ngumi na kuificha nyuma. Kwa miezi saba mtoto yule alikuwa akiweka kidole kwa ajili ya mama yake, mara moja kila mwezi, kwa sababu baba yake alimwambia. Safari hii hakuna aliyemwambia. Shemeji yangu alimtazama kwa muda wa pumzi mbili hivi.

"Ameingia," Subani alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Tazameni wenyewe. Ameingia."

"Ameingia," Sidiu alisema, na kama aliona kovu au hakuliona, miwani yake haikusema. Watu wakapokeana neno hilo mpaka uani. Mimi niliinamisha kichwa.

Kesho yake Sidiu aliandika barua, akapiga muhuri, akanipeleka mwenyewe kwa Gope na kisha kwa ofisa wa mgao. Ofisa aligeuza karatasi, akauliza maswali, akakata jina la Menjo kwa kalamu nyekundu na kuandika langu. Kuhusu vidole vyangu, Gope alitoa daftari chini ya meza. Kumbe lilikuwepo siku zote: wasiosomeka huandikwa humo, kwa ushahidi wa mkuu wa kijiji. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuuliza," alisema. "Ulikuwa unakuja na mtoto anayesomeka. Ningejuaje kama una shida?"

Kadi sasa ni watu watatu. Kilo tano zake zimeondoka, na mchele ule wa watu wa kijiji ndio uliotufikisha mwezi uliofuata. Chungu kiko chini ya jiwe la kaburi la ukoo.

Asubuhi ya kwanza baada ya kumwita niliamka alfajiri, saa ileile, nikageuza sikio kwenye ukuta wa nyuma. Kimya. Jogoo wa Subani, kisha kimya. Nilijua ni kwa sababu ya kidole cha mtoto kwamba tutapata barua, na nilikuwa nimejiambia hayo mengine ni hofu yangu tu. Nikalala chali nikashusha pumzi.

Ndipo kikohozi kikaja. Mara tatu fupi, kisha moja ndefu inayokwaruza. Kilitoka ndani, nyuma ya jiko, karibu na kapu la mchele.

Jambi alikuwa amefungua macho.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi niliweka kidole tu," alisema. "Sikujua kama atakuja kweli."

Nilinyanyuka, nikawasha moto. Nilipima mchele wetu wa watu watatu, viganja vitatu. Kisha nikaongeza cha nne.